Kiganja Kwenye Kabati la Bi Mwanakombo

Sogeeni karibu, na atakayesinzia asinilaumu, maana mwishoni ninyi ndio mtakaoamua.

Pale Pangani walikuwepo dada watatu. Somoe, mkubwa wao, alikuwa na mkono usiochoka. Mwajabu, wa kati, aliijua rangi kuliko aliyeitengeneza. Mize, kitinda mimba, chochote alichokisugua kiling'aa.

Mama yao, Bi Mwanakombo, alifariki akaacha kabati la mninga, jeusi kwa moshi, na ufunguo mmoja. Ufunguo huo alikuwa amemkabidhi kaka yake, Mjomba Shebe, na maneno machache: "Mpe binti atakayelituliza. Akilifungua, atakaa na mimi."

Hakuna aliyeelewa. Arobaini ikapita, na kila adhuhuri kabati likaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa cha mama yao, kile kile. Waliogopa, lakini kila mmoja wao alimtaka mama.

Wakakubaliana kulituliza kwa kulisafisha na kulipaka rangi upya. Somoe akaanza, kwa sababu rangi haishiki juu ya moshi na mafuta. Alipiga msasa siku mbili. Kila alipoupeleka mkono, ndani palikohoa. Majirani waliokuja kusaidia wakaaga mmoja baada ya mwingine. Ghafla kila mtu alikuwa na chungu mekoni.

"Kohoa tu, mama," Somoe alisema. "Hata mimi vumbi hili hili ndilo ninalolivuta."

Kikohozi kikakoma. Lakini mlangoni, kwenye ubao uliosafishwa, kikajitokeza kiganja, vidole vitano vya kahawia.

Mwajabu alikuwa ameloweka nguo za watoto tangu alfajiri, hivyo hakuwa na muda wa kuogopa. Alichanganya rangi ya maji na unga wa chaki, ikawa nzito kama uji, akapaka. Kiganja kikarudi. Akapaka mara ya pili, kikarudi kikiwa juu zaidi. Mara ya tatu kilikuwa kimefika usawa wa uso wake. Alijiambia ni utomvu, mbao kuukuu hutoa utomvu. Lakini utomvu haupandi mlango.

Mara ya nne, rangi ikiwa mbichi, aliweka kiganja chake juu ya kile. Kikamshika. Kilikuwa cha baridi, na pete ya mama ilimkwaruza kidoleni. Alisubiri kama anavyosubiri mtoto alale ndipo auchomoe mkono. Rangi ilipokauka, kikamwachia, na hakikurudi tena.

Lakini rangi ya chaki bila nta haidumu. Kesho yake kitu kilikuwa kikikwaruza kwa ndani, na rangi ikadondoka sakafuni kama unga. Mize akayeyusha nta ya nyuki, akachukua kitambaa cha pamba, akasugua kutoka adhuhuri hadi alasiri. Mwajabu alimwambia apumzike.

"Nikiacha pembe moja, dada, atatokea hapo," Mize alijibu, na hakuinua kichwa.

Alipomaliza pembe ya mwisho, mkwaruzo ukakoma. Kabati likatulia, jeupe, laini kama jino.

Mjomba Shebe akaja na ufunguo, na hapo maneno yakaanza. Somoe alidai kwamba bila msasa wake rangi ingebanduka yote. Mize alidai kwamba bila nta yake rangi hiyo ingekuwa imeshafagiliwa na kutupwa jaani. Mwajabu alitaka kuwakumbusha aliyeshikwa mkono ni nani. Kisha akautazama mkono wenyewe. Alama ya pete ilikuwa bado ipo, na hakuwa tena na hakika kama alichokuwa akikigombania ni tuzo.

Ndipo sauti ikatoka kabatini, ya upole.

"Mwanangu, nifungulie."

Wote watatu wakaitika pamoja, "Labeka, mama."

Mjomba Shebe aliuweka ufunguo sakafuni katikati yao, akarudi nyuma hadi mlangoni.

Basi, ninyi mlionisikiliza: ufunguo ni mmoja, na mama ameita mwana mmoja. Je, wewe ungempa nani? Na kama ungepewa wewe, ungefungua?