Anayeinuka Ameridhia

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu waliokwisha kunywa chai? Tena! Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mtungi!

Mtungi una nini?

— Una upepo!

Basi ukalieni huo mtungi, upepo usitoroke. Mghoi, acha kuutikisa mfereji wa watu. Ukiwa na maji utasema wenyewe. Tangu asubuhi hapa kwenye foleni ya maji mnainuka, mnakaa, mnainuka, mnakaa, kama mliokalia siafu. Mimi nami nawashwa na hasira mpaka kwenye kisigino. Ukiuliza kaunti, maji ni ya serikali kuu. Ukiuliza serikali kuu, maji ni ya kaunti. Ukiwauliza wote pamoja, suala linashughulikiwa. Haya, nami acha nishughulikie masikio yenu.

Palikuwa na bwawa, na juu ya bwawa palikuwa na mlima. Bwawani alikaa Kiboko. Mlimani walikaa pimbi. Mwadime, usicheke, pimbi si panya. Pimbi ni mnyama wa mawe, mnene wa kiasi chake, hana mkia, na miguu yake haitulii: tiki-tiki-tiki, huku na kule, tiki-tiki-tiki.

Kiboko alikuwa mkubwa wa nchi nzima. Akipiga miayo, mikutano inafungwa. Zamani kila pimbi wawili wakigombana, ilibidi apande mlima kuwaamua, na kupanda hakukumpendeza. Siku moja akapasua mdomo wake ule, akatangaza: "Kuanzia leo, mambo ya mlimani yataamuliwa mlimani, kwa desturi ya mlimani!" Makofi, pa-pa-pa! Vigelegele! Huo ukawa ndio ugatuzi. Aliutoa kwa mdomo, lakini tumbo lake halikuwa limesikia.

Sasa sikieni desturi ya mlimani, maana hadithi yote imekaa hapo. Baraza la pimbi hufanyika juu ya Jiwe Bapa, jua la utosini, kwa kuwa pimbi hupenda kuota jua. Kila aliyekuja husalimiwa kwa jina lake. Na anayeinuka kabla neno halijaamuliwa, ameridhia watakaloamua waliobaki. Anayeinuka?

— Ameridhia!

Vizuri. Mkilisahau hilo, mtanirudishia maneno yangu yote.

Mlimani kulikuwa na chemchemi moja, ndogo, tamu, na pembeni yake majani mabichi mwaka mzima. Siku moja pimbi wa Mawe ya Juu na pimbi wa Mawe ya Chini wakagombana nani atangulie kunywa. Wakatukanana. Wakang'atana masikio. Siku ya kwanza, vurugu. Siku ya pili, vurugu. Siku ya tatu wakachoka, wakakaa barazani, wakakubaliana: wa Juu asubuhi, wa Chini alasiri. Yakaisha. Wakaombana msamaha na masikio yao yaliyochanika.

Lakini Kiboko alikuwa amekwisha kusikia. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Siku zile zilipigana nyasi, akaja wa kuzila.

Akamtuma Ngiri, msimamizi wake maalumu. Ngiri akapanda mlima, mkia juu kama mlingoti wa bendera, akafika chemchemini, akageuza makalio, akakaa juu ya mdomo wa chemchemi. Pu! Maji yakakoma.

"Mgogoro unashughulikiwa," akasema Ngiri.

"Umekwisha!" wakapiga kelele pimbi.

"Mnaona? Mnapiga kelele. Mgogoro upo."

Siku ikapita. Ya pili ikapita. Vitoto vya pimbi vikaanza kulamba mawe. Kulikuwa na pimbi mmoja mama, jina lake Kidete. Wengine husimama kidete; huyu hata akisimama humwoni. Mwanawe wa mwisho alikuwa amekauka ulimi, hata kulia halii tena. Kidete akamtazama, roho ikamruka, akashuka mlima, tiki-tiki-tiki, mpaka bwawani.

"Hodi bwawani!"

"Blu-blu-blu, nani?"

"Pimbi wa mlimani, mkubwa."

"Umeleta nini?"

"Nimeleta habari njema. Tumepatana."

Kiboko akatoa macho juu ya maji. "Mmepatana bila mimi? Huo ni mgogoro mpya. Nitaunda kamati. Nenda."

Akarudi. Ngiri bado amekalia chemchemi. Mtoto bado analamba jiwe. Kesho yake akashuka tena, tiki-tiki-tiki.

"Hodi bwawani!"

"Blu-blu-blu, nani?"

"Pimbi wa mlimani, mkubwa."

"Umeleta nini?"

"Nimeleta wazee wa Juu na wazee wa Chini. Waone wenyewe, wameshikana mikono."

"Umekuja mikono mitupu halafu unanionyesha mikono! Mkono mtupu haulambwi. Kamati niliyounda nimeiundia kamati ya kuichunguza. Nendeni, mtulie."

Mtulie! Pimbi, na kiu ile, atulie wapi? Kidete aliupanda mlima analia waziwazi, na anayecheka hapa na acheke, lakini mama yeyote anajua kilio kile. Alipofika Jiwe Bapa akakaa. Jiwe lilikuwa la moto. Akatulia juu yake, yeye ambaye hakuwa ametulia tangu kuzaliwa. Halafu akafuta machozi, akawaita wenzake, akawanong'oneza. Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, wakamfinya.

Siku ya tatu akashuka. Mara hii mdomoni ameuma fungu la majani mabichi ya chemchemini.

"Hodi bwawani!"

"Blu-blu-blu, nani?"

"Pimbi wa mlimani, mkubwa! Tumekwisha! Mgogoro umetushinda! Wa Juu wanasema lao, wa Chini wanasema lao, na wengine wana la tatu ambalo hata hatulielewi!"

Kiboko akafurahi mpaka bwawa likafurika ukingoni. "Enhee! Nilijua. Na hayo mdomoni?"

"Haya ni takataka tu, mkubwa. Yamejaa kule mpaka tunajikwaa."

Kiboko akayatwaa, akatafuna. Akafumba macho. Hakuwahi kula jani lililonywa maji safi.

"Kesho tuna baraza," akasema Kidete. "Tunataka kuamua hata hayo majani yawe ya nani. Nami nimesema, mkubwa apumzike, sisi tutaamua tu. Ila wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo."

"Halipo nani? Nitakuwepo!"

"Lakini desturi yetu, mkubwa, ni ya watu wadogo wa jua na mawe..."

"Desturi hiyo niliwapa mimi! Nitakaa mwanzo mpaka mwisho!"

"Umesema, mkubwa?"

"Nimesema!"

Kesho yake Kiboko akapanda mlima. Dubwi! Dubwi! Akapumzika. Dubwi! Dubwi! Mawe yakaporomoka, ndege wakahama. Alipofika Jiwe Bapa, jua limesimama utosini. Pimbi mia tatu wamekaa, kimya, wamefumba macho nusu, wanaota jua kwa raha zao. Kiboko akakaa. Jiwe likamwambia tsss! chini ya tumbo.

Akakohoa. Akasema haraka haraka, kama wasemavyo wakubwa wote wanapotaka kufika kwenye chakula: "Waheshimiwa, itifaki imezingatiwa, basi mimi naamua kwamba..."

"Samahani, mkubwa," akasema Kidete. "Imezingatiwa wapi?"

"Imezingatiwa! Nimesema imezingatiwa!"

"Kwenu bwawani ukisema imezingatiwa, imezingatiwa. Huku kwetu bado. Huku itifaki ni salamu, na salamu ni ya mtu na jina lake. Au tuivunje desturi uliyotupa mwenyewe?"

Pimbi mia tatu wakafumbua macho, wakamtazama Kiboko. Akatikisa kichwa, isivunjwe. Kidete akaanza.

"Mkubwa, huyu ni Mzee Mwandoe wa Jiwe la Kwanza. Mzee Mwandoe, msalimie mkubwa."

"Hujambo, mkubwa? Nyumbani hawajambo? Bwawa halijambo? Matope hayajambo? Mimi mgongo unanisumbua, ulianza mwaka ule wa nzige..."

"Mkubwa, huyu ni Bi Mkawasi, mke wa Mzee Mwandoe."

"Hujambo, mkubwa? Kuhusu huo mgongo, asikudanganye, haukuanza mwaka wa nzige..."

Wakafika wa kumi. Jua likawaka. Wakafika wa ishirini. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukaza, mnajua mnyama yule ngozi yake ni ya majini. Wakafika wa hamsini. Akatoa jasho jekundu.

"Tumebakiza wangapi?" akauliza.

"Wachache, mkubwa. Mia mbili na hamsini. Ila wa Jiwe la Nne ni mapacha, nao husalimu kwa zamu."

"Maji!" akanguruma Kiboko. "Ngiri! Niletee maji!"

Ngiri kule chemchemini akasikia. Akaduwaa, akawaza: Nikiinuka, chemchemi itabaki wazi. Nisipoinuka, mkubwa atanimeza. Akainuka, akajaza maji mdomoni, akatimua mbio. Na anayeinuka?

— Ameridhia!

Maji yakachuruzika nyuma yake, churu-churu-churu. Vitoto vya pimbi vilikuwa vimejificha kandokando, vikamiminika hapo, kimya kimya, kimoja juu ya kingine. Ngiri akafika Jiwe Bapa, akapiga magoti mbele ya mkubwa, akataka kwanza kusema "Shikamoo." Gudu! Akayameza maji yote.

"Marahaba," akasema Kiboko, analia.

"Mkubwa, huyu ni Bi Righa wa Jiwe la Sita," akasema Kidete. "Bi Righa, msalimie."

"Hujambo, mkubwa? Mbona umekuwa mwekundu?"

Hapo Kiboko akashindwa. Mgongo unapasuka, tumbo linaungua, na majani anayaona kwa mbali. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akaruka juu! Akakimbia, akajikwaa, akabingirika mlima mzima, gubu-gubu-gubu-gubu, mpaka chini. Chubwiii!

Pimbi hawakuinuka. Mia tatu, makalio juu ya jiwe. Kidete akauliza kwa upole: "Jamani, anayeinuka?"

— Ameridhia!

"Basi neno limeamuliwa. Chemchemi ni ya mlima, wa Juu asubuhi, wa Chini alasiri, na Ngiri ataondoka kabla mkia wake haujashuka." Kisha akakimbia kumtafuta mwanawe, akamkuta kaloa mpaka masikioni, analia kwa sauti kubwa. Kidete akacheka. Hakuna mama aliyewahi kufurahia kilio kama yule.

Na Kiboko? Alikaa chini ya maji siku tatu. Ya nne akatoa pua, akatangaza nchi nzima: "Mgogoro wa mlimani nimeutatua mimi mwenyewe, kwa busara na kwa mgongo wangu!" Akajipa nishani. Pimbi wakapiga makofi, pa-pa-pa. Waliyapiga wakiwa wamekaa.

Sasa funzo la ngano hii... Mbona mnageuza shingo? Gari? La nani? Haya, na lije. Nani huyo anashuka, wa shati jeupe na karatasi mkononi? Karibu, baba. Sema, tunakusikia.

Mmemsikia? Anasema itifaki imezingatiwa. Anasema suala letu la maji linashughulikiwa huko juu, kwa hiyo tuinuke, tubebe mitungi, twende nyumbani.

Mghoi, kaa! Mwadime, ukiinua hilo kalio nitakukana mbele ya watu.

Samahani, baba. Imezingatiwa wapi? Hapa foleni tuko arobaini na wawili, na kila mmoja ana jina. Hapo kwenye kivuli cha gari usisimame, njoo huku juani tulipo. Shika mtungi huu, uugeuze, ukalie. Hivyo. Usihofu, hauna kitu cha kukulowesha. Huyu ni Mghoi wa Mwakio, ana mapacha wa miezi mitatu na nepi hazijafuliwa tangu Jumapili. Mghoi, msalimie mgeni, usifanye haraka. Anayefuata ajiandae.

Na wakati mnasalimiana, nimalizie funzo, watoto wasije wakasema nimewapunja. Funzo ni hili: wadogo wasibishane na wakubwa. Mkubwa akisema nendeni, nendeni, yeye ndiye ajuaye. Mlishike, mliandike, mliweke mahali pakavu, na mahali pakavu hapa hatukosi.

Mtungi wangu nimeumimina, hadithi yangu imekaa hapa. Mwenye nyingine aisimulie, lakini asiinuke. Kwani anayeinuka, baba wa shati jeupe? Hebu tujibu wewe.