Udongo wa Bi. Somoe na Mlango wa Bwana Sumaili

Haya, mmeshaanza. Mtu hawezi kuketi akanyoosha magoti yake ila mtamzunguka: bibi tusimulie, bibi tusimulie, kana kwamba hekaya zinachemka zenyewe jikoni. Kunde hazijachambuliwa, na sijaona aliyenyoosha mkono. Ningenyamaza, lakini tangu jana nawasikia mkinong'onezana habari za yule binti wa jirani aliyeambiwa abebe sanduku lake arudi kwao, na mmoja wenu, simtaji, anajijua, akasema, "Si nyumba ya mumewe?" Basi chambueni kunde, nami nitasema.

Hapo zamani, katika mji ambao jina lake halitawasaidia kitu, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Sumaili, na mkewe akiitwa Somoe. Sumaili alirithi kiwanja kwa babake. Akakata nguzo akazisimika, akafunga fito kwa kamba, akanunua mlango wa mninga wenye kufuli la shaba, akautia, kisha akaketi kivulini, akaitazama kazi yake, akasema, "Nimejenga." Na tokea siku hiyo hakuinua tena kitu kizito kuliko kikombe cha kahawa.

Nani aliyechimba udongo? Somoe. Nani aliyechota maji kisimani, akaukanyaga ule udongo hata ukalainika, akakandika viambaza kimoja baada ya kimoja, na kila masika yakiisha akakandika tena palipomomoka? Huyo huyo Somoe. Makuti ya paa aliyashona yeye mpaka vidole vikaota sugu. Nyumba ikawa nzuri, watu wakipita husema, "Nyumba ya Sumaili hiyo," naye Sumaili huitikia kwa kichwa.

Ikawa Sumaili alipoanza kutia hina ndevuni, akaona nyumba nzuri kama ile yastahili mke mpya. Akampa Somoe talaka, na eda ilipokwisha akamwambia, "Bibi wee, mimi na wewe tumekwisha. Nyumba ni yangu, kila mtu ajua. Ijumaa naipaka chokaa, bibi arusi aja. Basi nenda kwenu."

"Kwetu wapi? Wazee wangu wamekufa, na nyumba yao imeota magugu."

"Hilo sikulijua," akasema Sumaili. Naye alilijua sana, kwa kuwa jeneza alilibeba yeye.

Basi Somoe akaenda kwa Sultani. Sultani wa mji ule hakuwa mtu mbaya, ila alipenda pilau yake ingali moto, kwa hivyo hukumu zake zilikuwa fupi. Akamwita Sumaili, akawasimamisha wote wawili barazani.

"Kiwanja cha nani?"

"Cha Sumaili, Bwana wangu," akajibu Somoe.

"Nguzo je?"

"Zake."

"Na mlango?"

"Wake pia."

"Sasa wewe mwanamke, wadai nini?"

"Nadai nguvu zangu zilizomo, Bwana wangu. Sina pa kulala."

Sultani akasikia harufu ya pilau. Akasema, "Nguvu hazionekani, nami sihukumu nisichokiona. Nyumba ni nguzo na mlango. Kama una kilicho chako katika nyumba ile, kilete hapa mbele yangu nikitazame kwa macho yangu, kabla ya sala ya Ijumaa. Wala usiguse nguzo ya mtu, wala mlango wa mtu. Ukishindwa, toka na kanga zako."

Watu wakacheka, na Sumaili akawashinda wote kwa kucheka.

Sasa hapo barazani palikuwa na maskini mmoja, Mbaruku, waliyemwita Kanzumoja, maana alikuwa na kanzu moja tu, na siku akiifua hushinda ndani mpaka ikauke. Watu walimdhani punguani, naye hakuwabishia, kwa sababu punguani hukaribishwa kula pasipo kuulizwa amekuja na nini. Na Somoe kila akipika wali alimwekea ukoko. Mbaruku akainuka akasema, "Bwana Sultani, Mungu akuzidishie umri, kichwa changu hakishiki mambo upesi. Alichotia katika nyumba ile akilete chote?"

"Chote."

"Juu ya zulia hili hili?"

"Juu ya zulia, mbele ya miguu yangu."

"Na askari wa mlangoni wakitukataza?"

"Atakayewakataza nitamtia kifungoni. Ondoka, Mbaruku, wanichelewesha!"

"Ahsante, Bwana wangu. Nilitaka kusikia tena, nisije nikasahau."

Njiani akamweleza Somoe shauri lake. Somoe akasimama. "Wataka niibomoe kazi yangu kwa mikono yangu?"

"Bi. Somoe, usipoibomoa, Ijumaa itapakwa chokaa ya bibi arusi."

Somoe akajifunga kanga kiunoni. Hakulia, wanawake wa hekaya hulia sana, huyu hakulia. Akasema, "Nina jembe moja. Nitaazima mengine."

Asubuhi ya Ijumaa Sumaili alikuwa ndani akijipaka mafuta, akasikia kishindo, akadhani ni tetemeko. Akatazama, akaona jembe limetokeza katika kiambaza cha chumbani, na nyuma ya jembe mkewe wa zamani, na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima na makapu vichwani.

"Mwafanya nini, enyi wanawake?"

"Amri ya Sultani, shemeji," wakasema. "Sogeza mguu, usije ukaumia."

Wakabandua udongo kuanzia chumbani hata jikoni. Wakapanda darini wakateremsha makuti. Nguzo hawakuzigusa. Mlango waliupitia kando kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, wasiuchubue. Basi ikawa Sumaili amesimama katikati ya vijiti na kikoi chake, na kuku wanaingia na kutoka wapendapo.

Sultani alikuwa barazani akisubiri adhana. Mara yakaingia makapu. Kapu la kwanza likamwagwa zuliani, la pili, la tatu, mpaka vumbi likamfikia kilembani. Akapiga ukelele, "Nini hii?"

"Hiki kiambaza cha chumbani, Bwana wangu," akasema Mbaruku, ameinama. "Na hicho kilichokaribia kiatu chako ni cha jikoni. Utuwie radhi, kina masizi. Makuti yawekeni hapa, jamani, karibu na mto wa Bwana aegemee."

"Askari!"

Askari wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Bwana, ulisema atakayewakataza utamtia kifungoni."

"Basi, basi! Nimekwisha kuona! Yatosha!"

"Bado maji," akasema Mbaruku.

"Maji gani?"

"Maji aliyokandia. Udongo haupandi ukutani kwa kuombewa dua, Bwana wangu. Na wewe ulisema chote." Akanyoosha kidole nje. Sultani akachungulia, akaona wanawake wamejipanga, mtungi kwa mtungi, safu imetoka langoni imepinda njia ya kisimani, mwisho wake hauonekani. "Kukandika mara ya kwanza ndiyo mitungi hiyo ya mbele. Ya masika yote inafuata nyuma. Twaanzia kumwaga hapa, au pale penye kiti chako?"

Sultani akapandisha miguu yote miwili juu ya kiti.

Wakati huo huo Sumaili akaingia mbio, kikoi amekishikilia kwa mkono. "Bwana Sultani! Nimevunjiwa nyumba!"

Sultani akamtazama toka juu ya kiti chake. "Nguzo zimeibiwa?"

"La, Bwana."

"Mlango?"

"Mlango upo, Bwana. Nimeufunga kwa kufuli. Ufunguo huu hapa."

Basi Sultani akaanza kucheka. Alicheka hata kilemba kikamteremka, na baraza yote ikacheka naye, na wale wenye mitungi wakacheka maji yakawamwagikia mabegani. Alipopumua akasema, "Na mimi nilikuhukumia nguzo na mlango, sina cha kukuongezea. Nenda kakae kwako."

Sumaili akaenda. Alasiri mbingu ikafunga, mvua ikanyesha. Wapitao wakamwona ameketi chini ya fito zake, na kila mmoja akasimama mbele ya ule mlango akabisha, "Hodi, Bwana Sumaili!" Naye kwa mazoea huitikia, "Karibu," akainuka akafungua kufuli. Watu hawakuwa na shida yoyote. Walitaka tu kumwona akifungua. Watu wa bibi arusi nao walifika. Walibisha hodi, wakakaribishwa, wakatazama kulia wakaona mnazi wa jirani, wakatazama kushoto wakaona mbuzi wa jirani, wakaaga.

Kesho yake Sumaili akarudi barazani anapiga chafya. Akasema, "Bwana wangu, nimekubali, ile haikuwa nyumba."

Sultani alikuwa hana la kujivunia, maana zulia lake lilikuwa limeanikwa uani na udongo wa watu ulikuwa bado umejaa barazani. Akaagiza Somoe aitwe, akamwambia kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza, "Mama, nilitaka kuona kilicho chako, nimekiona, hata kifuani nimekivuta. Sema wataka nini."

"Nataka pa kulala, Bwana wangu. Na sitakandika tena. Zamu yangu nimeimaliza."

Basi Sultani akahukumu, na safari hii aliacha pilau ikapoa. Askari wakaurudisha udongo kwa makapu, wakalalamika njia nzima. Mbaruku akapewa kanzu mpya. Akaivaa juu ya ile ya zamani, asije akaambiwa amekuwa tajiri, akaendelea kula ukoko wake kwa Bi. Somoe.

Na Sumaili? Huyo alilipa. Alilipa nusu ya kiwanja, akasimika juu yake nguzo za nyumba ya Somoe. Maji ya kukandia aliyachota mwenyewe, mtungi kichwani, akina mama kisimani wakimfundisha namna ya kukaza shingo na kumpigia vigelegele kila akiumwaga. Udongo aliukanyaga mwenyewe, makuti akayashona mwenyewe, na kwa kuwa Sultani alisema nyumba haiwi nyumba bila mlango, akaung'oa ule wa mninga, kufuli lake la shaba na ufunguo wake, akautia kwa Somoe. Yeye kwake akatundika jamvi. Na kila alipoishiwa na chumvi, ilimbidi aende kando ya pili ya kiwanja, asimame mbele ya mlango alioununua mwenyewe, abishe hodi, na angoje mpaka Bi. Somoe apende kuitikia.