Ufunguo wa Maktaba

Wapendwa, twendeni pamoja hadi kwenye shule moja ya sekondari ya serikali, tuingie ofisini kwa mkuu wa shule siku yake ya mwisho kazini.

Mkuu huyo alikuwa ametimiza miaka sitini. Kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameiongoza shule ile, na ni shule ileile aliyosoma yeye mwenyewe. Alikuwa akifika kazini kabla ya kengele. Hesabu ya viti na madawati alikuwa nayo kichwani. Wazazi walimheshimu, walimu walimwogopa kidogo, na wanafunzi walimpa jina la utani, Kofuli.

Kila Jumatatu mstarini alikuwa na hadithi moja. "Nikiwa kidato cha pili, mkuu wa wakati ule aliniita ofisini akanikabidhi ufunguo wa maktaba. Katika wanafunzi mia tatu, mimi! Unajua kwa nini? Kwa sababu mikono yangu ilikuwa safi." Wanafunzi waliijua hadithi hiyo mpaka mwisho. Mstari wa nyuma waliimalizia kwa kunong'ona, wakionyeshana viganja.

Siku hiyo ya mwisho alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumkabidhi ofisi mkuu mpya, mwalimu mwanamke aliyehamishwa kutoka wilaya nyingine. Ya pili ilikuwa kujaza cheti kimoja cha kuhitimu kilichobaki mezani. Ni cha binti mmoja wa kidato cha nne. Wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, walimu walipokagua bweni, walikuta kitabu cha kemia cha shule chini ya godoro lake. Darasa lake lilikuwa na vitabu kumi na kimoja kwa wanafunzi arobaini na sita, na kile kilikuwa kimetafutwa mwezi mzima. Mkuu aliliandika kosa hilo kwenye kitabu cha adhabu. Nafasi ya adhabu aliiacha wazi, kwa sababu alishajua ataijaza na nini. Kila cheti kina mahali pa kuandika tabia ya mwanafunzi, na hapo ndipo angemmalizia.

Mama wa binti aliingia saa nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Kaa."

"Nimekaa sana huko nje, Mwalimu, acha nisimame. Mwanangu kapata nafasi chuo cha uuguzi. Jumatatu wanataka cheti."

"Cheti nitampa, tena leo. Ila penye tabia nitaandika hairidhishi, maana hairidhishi."

"Ukiandika hivyo watamrudisha getini."

"Hilo litakuwa lake na chuo."

"Mwalimu, kitabu alikuwa anakisoma. Hakukiuza."

"Mama, mwizi wa kusoma ni mwizi. Miaka kumi na tisa hajatoka mwizi hapa kwangu na karatasi safi. Leo siku ya mwisho ndiyo nianze?"

Yule mama hakubishana. Aliuliza tu kama anaweza kusubiri kwenye benchi lililokuwa barazani, akatoka. Mkuu mpya, ambaye alikuwa amesikia yote, alitazama orodha ya makabidhiano iliyokuwa mkononi mwake.

"Tuendelee, Mwalimu?"

"Tuendelee."

Makabidhiano yana utaratibu wake. Anayeingia anasoma orodha, anayetoka anaonyesha kitu, wote wawili wanaweka tiki. Rejesta za mahudhurio, zipo. Funguo za maabara, zipo. Mhuri wa shule huwa wa mwisho, na ukishabadilisha mikono, mkuu wa zamani hana tena sahihi yenye nguvu. Wakaendelea hivyo hadi wakafika kabati la nyuma.

"Vitabu vya adhabu, vinane."

"Hivyo hapo. Hivyo vya chini sijawahi hata kuvigusa, nilivikuta."

Mkuu mpya akavuta cha chini kabisa. Jalada lilikuwa limeliwa na mende. Akafunua, akasoma huku akitabasamu. "Kuchelewa, viboko viwili. Kutoroka kwenda dansi, viboko vinne. Hawa wazee hawakuwa na mchezo." Akafunua tena. "Ehe! Mwalimu, hili si jina lako?"

"Wapi?"

"Hapa. Kidato cha pili. Ulifanya nini wewe?" Alikuwa bado anacheka. Akasoma kwa sauti. "Kosa: Amechukua vitabu viwili vya maktaba bila ruhusa na kuvificha kwenye sanduku lake la bati." Akasogeza kidole hadi safu ya mwisho. "Adhabu: Amepewa ufunguo wa maktaba."

Hakucheka tena. "Hii ni adhabu gani?"

Mkuu alikaa.

Ni kweli alivichukua. Kimoja kilikuwa cha jiografia, kingine cha hesabu. Alipoitwa ofisini alikwenda akijua amekamatwa. Badala yake mkuu yule wa zamani alimwekea ufunguo mezani, akamwambia, "Utafungua saa kumi jioni, utafunga saa kumi na mbili. Ukitaka kusoma zaidi ya hapo, soma." Jioni ileile aliingia maktaba peke yake, akavirudisha vitabu vyote viwili mahali pake. Kwa miaka arobaini na minne aliamini kwamba mzee yule hakujua. Alijiona amemponyoka mtu asiyeona vizuri, na juu ya kuponyoka huko akajenga hadithi ya kila Jumatatu.

Kumbe mzee alijua. Alijua, akaandika, akatia sahihi, akafunga kitabu kabatini. Kisha akampa ufunguo.

"Mwalimu," mkuu mpya alisema taratibu, "imebaki mhuri tu. Nauchukua?"

"Bado. Nisubiri kidogo."

Akachukua kitabu cha adhabu cha mwaka ule, akafungua penye jina la binti. Kosa lilikuwa palepale, na hakulifuta. Kwenye nafasi iliyokuwa wazi akaandika: Amepewa cheti chake. Akavuta cheti, penye tabia akaandika: Nzuri. Akapiga mhuri, akaufuta wino kwa kitambaa, akamkabidhi mwenzake. Halafu akatoka mwenyewe hadi kwenye benchi.

Yule mama alikisoma cheti mara mbili. "Mwalimu, mbona umebadilika?"

"Sijabadilika leo, mama. Nilibadilishwa zamani. Leo ndiyo nimeambiwa."

Wapendwa, wapo mnaouliza kimoyomoyo, je, yule mzee alificha kosa? Hapana. Kosa liliandikwa kwa wino, na mpaka leo lipo. Lakini kitabu kilibaki kabatini, na mtoto akaachwa atembee.

Sasa sisi je? Wewe una kazi. Wewe una ndoa. Wewe unaimba kwaya, wewe umeshika mkoba wa sadaka, mimi nimesimama hapa mbele yenu. Tunadhani tumefika kwa sababu mikono yetu ni safi, au kwa sababu siku ile Mungu aliangalia pembeni. Ndugu yangu, hakuangalia pembeni. Jina lako lipo, kosa lako lipo, tarehe ipo, na kwenye safu ya mwisho kuna kitu alichokukabidhi huku akijua.

Kwa hiyo nenda nyumbani, lakini kabla hujafungua mlango, utazame ule ufunguo ulio mkononi mwako. Kisha jiulize ni nani umemwacha barazani, amekaa kwenye benchi, anakusubiri uandike.