Bi Mwanatumu na Tajiri Ajuaye Yote

Paliondokea mwanafalsafa, Bi Mwanatumu, aliyeandika kijitabu kwamba binadamu anajua machache na mengi anakisia tu. Tajiri Mwinyi Kheri alichukia. Miezi sita wakajibizana kwa barua, na kila barua ikasomwa barazani, watu wakinywa kahawa.

Mwishowe tajiri akasema, "Leta barua ya mwisho. Nikiishinda, kijitabu chako nakichoma moto."

Bi Mwanatumu akaja barazani na kijitabu chake, pamoja na barua iliyofungwa kwa lakiri. Mwinyi Kheri akaiweka kando ya birika bila kuifungua, akatoa mfukoni jibu aliloliandika tangu asubuhi.

"Huisomi kwanza, Mwinyi?"

"Ya nini? Uliyoyaandika nayajua yote!" Akasoma kwa sauti: "Naapa mbele ya wazee hawa, kila neno la barua yako ni uongo mtupu."

"Haya, na yangu isomwe."

Msomaji wa baraza akavunja lakiri, akakohoa, akasoma: "Umenishinda, Mwinyi. Wewe unajua, hukisii."

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Mwanatumu akachukua kijitabu chake.

"Mwinyi keshaapa," alisema. "Mimi nani hata nimbishie?"