Makohozi ya Jirani

Akina mama wanangu, kabla sijafungua mdomo, kila mmoja aweke mkono kifuani aape kwamba nitakayosema hayavuki kizingiti cha kanisa hili. Mmeapa? Vizuri. Mimi pia nilimwapia aliyeniambia, na tazameni sasa ninavyosema.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi mkuu wa shughuli. Iwe harusi, iwe msiba, hakipakuliwi chakula kabla yeye hajaonja mchuzi. Mama huyo akashikwa na kikohozi. Wiki ya kwanza akanywa tangawizi na limau. Ya pili, asali na kitunguu saumu. Ya tatu akachemsha mwarobaini, akaumeza kakunja uso kama aliyesikia anasengenywa. Huyu anamwambia majani ya mpera, yule mkaratusi, naye anakunywa vyote, na kikohozi kimekaa kitako kama mgeni aliyekwisha kuletewa chai.

Sasa, mama huyu analala kitanda kimoja na mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto naye akaanza kukohoa. Roho ikamruka, akaenda zahanati.

Muuguzi akampa kikopo chenye kifuniko. "Kesho asubuhi, mama, kohoa kwa nguvu, utoe makohozi humu uniletee. Tunapima kifua kikuu. Tukijua ni nini, tutajua dawa yako, na mtoto tutamkinga."

Kifua kikuu! Mama akaona masufuria yote ya mtaa yanamkimbia. Nani atakula wali wa mwenye TB? Kulipokucha akamgongea shoga yake, mama mnene, hajawahi kulazwa hata siku moja.

"Shoga, nitemee humu."

"Nikutemee? Una wazimu?"

"Kidogo tu. Si unakohoa kohoa ukiamka? Wewe mzima. Wakipima watakuta hamna kitu, nami nabaki na mwiko wangu."

"Ama kweli uzee mbaya," shoga akasema. Lakini akatema. Shoga ni shoga.

Siku ya majibu wakaenda wote wawili. Benchi limejaa watu wa mtaani. Muuguzi akamwita mama dirishani, akamnong'oneza: "Usiogope. Ni kifua kikuu kweli. Dawa ni miezi sita, na leo tunaanza."

Hebu tumwache hapo dirishani kidogo, kwa maana nawaona mnacheka.

Sisi je? Tukija kwenye maombi, tunamletea Mungu nini? "Bwana, mguse yule dada, ulimi wake unavunja ndoa za watu." "Bwana, mfungue fulani, ana wivu." Tunalia mpaka kamasi zinatoka, na dhambi zote tulizotaja ni za nyumba ya jirani! Kisha tunashangaa: tumefunga, tumepakwa mafuta, tumebadilisha wachungaji kama yule mama alivyobadilisha majani, mbona moyo bado unakohoa? Wanangu, Mungu hakosi dawa. Lakini atakutibu vipi kwa makohozi ya mwenzako? Na huku tunaficha, nani anavuta ile hewa yetu? Si wale tunaolala nao kitanda kimoja? Si watoto?

Haya, turudi dirishani.

Mama kusikia miezi sita, kunong'ona kukamshinda. "Hayo si yangu!" akapiga kelele. "Simezi dawa ya mtu mimi! Hayo makohozi ni ya huyu hapa!"

Kidole kimenyooka moja kwa moja mpaka puani kwa shoga yake. Benchi zima likageuka. Shoga wa watu kashika kifua, mdomo wazi.

Muuguzi akamwangalia shoga, akamwangalia mama. Akatoa kikopo kingine, kitupu, akakiweka dirishani mbele ya macho ya wote.

"Na ya kwako wewe, mama, yako wapi?"