Gari la Fisi Lilivyong'aa Kupita Kiasi

"Hadithi, hadithi!"
"Hadithi njoo!"
"Ije kwa miguu au kwa gari?"
"Kwa gari!"
"Chafu au safi?"
"Safi!"

Basi vueni viatu, mkae. Nikisema "ling'ae", nyinyi semeni "lisiguswe".

Hapo kale, si kale sana maana magari yalikuwapo, Kindi alikuwa akiosha magari kando ya kijito. Jamani, Kindi alikuwa fundi! Ndoo yenyewe ilimzidi kimo, lakini mikono yake, we acha tu.

Siku moja akaja Fisi na gari lake. Nje tope, ndani tope. Kwenye kapeti kulijaa manyoya na mifupa, na nzi walioingia walitoka mbio.

"We Kindi! Nioshee haraka. Nikitoka hapa naenda kwa Mama Mbuzi kuwabeba wale mapacha wake. Kwa miguu wananishinda, wanakimbilia mwambani. Leo nawawahi kwa gari. Na ukithubutu kwenda kuwaambia, naanza na wewe!"

Akaketi juu ya jiwe, macho kwa Kindi.

Moyo wa Kindi ukaenda pu! pu! pu! Mama Mbuzi ndiye aliyemnywesha maziwa alipougua. Afanye nini? Nguvu hana, pa kupenya hana. Ana sponji tu.

"Sawa, bosi," akasema. "Nitaliosha kwa roho yangu yote."

Akamwaga maji, shwaa! Akasugua povu, swiri swiri swiri. Akatoa kapeti, akazikung'uta, akazipiga brashi, kwaru kwaru! Yakatoka maji meusi. Akasugua tena, yakatoka ya kahawia. Akasugua tena, yakatoka meupe. Kumbe kapeti zilikuwa nyekundu! Fisi mwenyewe alikuwa hajui. Kindi akazianika juani mpaka zikakauka, akazirudisha.

Kisha akaigeukia rangi. Akaondoa mikwaruzo, mmoja mmoja. Akapaka nta, akazungusha kitambaa laini, taratibu, bila kuchoka. Nawaambieni, gari liling'aa! Mawingu yalipita angani, yakapita na mlangoni. Natamani mngeliona.

Fisi akainuka kwenye jiwe. Akasogea. Akayaona meno yake kwenye boneti.

"Kindi! Hili ni langu?"

"Lako, bosi. Ila nta haijakauka. Vumbi likitua sasa linaganda palepale, basi tena. Ling'ae!"

"Lisiguswe!" akasema Fisi.

Akafungua mlango apande.

"Bosi, viatu!"

Akavua viatu.

"Bosi, miguu!"

Akaosha miguu.

"Na wale mapacha," Kindi akauliza kwa upole, "kwato zao zina tope. Watakaa wapi?"

"Nyuma!"

"Kwenye kapeti nyekundu?"

Fisi akaguna. Akaitazama njia, ina madimbwi. Akalitazama gari. Tumbo likanguruma, nguruu! Akafunga mlango polepole kwa kidole kimoja, akasimama kulikodolea macho. Hata Kindi akamsahau.

Kindi huyoo! Mbio mpaka kwa Mama Mbuzi.

"Mama, inuka! Chukua watoto, mhamie mwambani!"

Lakini kivuko cha kwenda mwambani ni kimoja tu, palepale penye gari. Wakaja. Fisi akawaona. Mate yakamdondoka, do! do! Akainua mguu awarukie.

"Bosi!" Kindi akapiga kelele. "Ukikimbia utatimua vumbi! Ling'ae!"

"Lisiguswe!" Fisi akalia, mguu ukabaki hewani.

Mama Mbuzi akapita kwa ncha za kwato, mapacha nyuma yake.

"Shikamoo, bosi. Gari limetakata!"

"Marahaba, mama. Ahsante," akasema Fisi, machozi yakimtoka. "Piteni polepole, tafadhali. Msinitimulie vumbi."

Wakapita polepole. Wakavuka. Wakapanda mwambani, wakaishi huko. Na Fisi yupo mpaka leo, peku, kitambaa mkononi, anafukuza kunguru wasilichafue gari, mbavu zikihesabika.

Hadithi yangu nimeianika hapo, aliyeipenda aianue.

Na funzo, watoto, ni hili: msioshe magari. Muulizeni Fisi. Alipokuwa mchafu, alikula kila siku.