Maji ya Baragumu la Shekuwe

Hapo kale baragumu la shaba lilikuwa kavu ndani. Mtu aliweza kulipuliza tangu asubuhi hadi alasiri, akaliinamisha, lisitoe hata tone.

Katika mji wa Shungi aliyelipuliza ni Shekuwe. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya boma na kuwaita watu kutoka mashambani pakitokea hatari. Adhuhuri moja ya kiangazi, mji ukiwa mtupu, aliona moshi ukifuka kwenye paa la makuti la jirani yake, Mwana Kaje. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya pili kutoka pale. Shekuwe hakupuliza. Alishuka mbio, akatoa kitanda chake, akatoa sanduku la nguo, akarudi tena kuchukua mikeka. Ndipo alipopanda bomani akapuliza.

Watu walikuja wakauzima moto, mji ukapona. Lakini mama yake Mwana Kaje, kikongwe asiyeweza kuinuka, walimkuta amekwisha kufa.

Hakuna aliyejua kwamba Shekuwe alikawia kupuliza. Baada ya arobaini wazee waliamua kumvika Shekuwe joho kwa kuuokoa mji, na aliyepewa kumvika ni Mwana Kaje mwenyewe.

“Usingetuita, jirani yangu, tungezika wengi,” alimwambia, akilinyoosha joho mabegani mwake. “Mungu akulipe.”

Shekuwe alishindwa kumtazama. Watu walikuwa wakimngoja apulize, na machozi yalikwisha kumfika kooni. Kulia mbele yao aliona haya. Akaliweka baragumu mdomoni, akayapuliza machozi humo pamoja na pumzi. Sauti ikatoka ikigugumia kama mtungi unaojazwa.

“Lina nini?” akauliza Mwana Kaje.

Shekuwe akaliinamisha. Maji yakachuruzika miguuni pa Mwana Kaje.

“Ni machozi yangu,” akasema kwa sauti ya chini. “Siku ile nilitoa kwanza kitanda changu, ndipo nikawaita.”

 Mwana Kaje akalivua lile joho mabegani mwa Shekuwe, akalikunja.

“Waambie na hawa,” akasema.

Akawaambia.

Hawakumfukuza. Alipuliza hadi uzeeni, na kila alipopuliza maji yalijaa, naye akayamwaga mbele ya watu wote.

Na tangu siku hiyo shaba haikukauka tena. Mpaka leo, hata mpiga tarumbeta wa harusini, katikati ya shamrashamra utamwona akigeukia pembeni, akiinamisha chombo chake na kuyatoa maji upesi upesi, wala hapendi kutazamwa.